Taa ya infraredi kwenye bruda ya vifaranga: namna ya kuifunga isiunguze nyumba

Mei ikielekea mwishoni hapa Tabora, usiku unapoanza kuwa na baridi ya kweli, maswali yanaanza. "Fundi, hii balbu nyekundu inaingia kwenye holda ya kawaida?" "Iwe juu kiasi gani?" "Nikiviweka vifaranga chumbani ninakolala, si ndiyo nitaviangalia vizuri?" Kila anayepokea boksi la vifaranga vya sasso au kuroila stendi anauliza hayohayo, na wengi wanauliza wakati taa imeshawaka na maranda yameshamwagwa. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Swali la tatu nalijibu kabla ya mengine: hapana. Bruda, yaani mahali pa kulelea vifaranga kwa joto, haikai chumba cha kulala, hata kama nyumba ina vyumba viwili tu. Ukilala hunusi moshi, na maranda yakianza kuungua hutoa moshi kwa muda mrefu kabla hujaona ulimi wa moto.

Jambo moja la kuelewa, halafu tuanze kazi. Infraredi ni miale ya joto. Haianzi kwa kupasha hewa. Inapasha kile inachokipiga: mgongo wa kifaranga, maranda, gunia, mlango wa mbao. Ndiyo maana chumba kinaweza kuwa cha baridi huku maranda yaliyo chini ya taa yanakaangika. Tena ukiishusha taa hadi nusu ya umbali wa mwanzo, ukali wa joto pale chini unakaribia mara nne. Taa nzima iliyokaa mahali pake haiunguzi kitu. Hatari inakuja taa ikianguka, ikishushwa, au kitu kikiisogelea. Karibu kila hatua hapa chini inalenga hayo matatu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vinunue vyote kabla vifaranga havijapakiwa kwenye basi. Ukianza kutafuta mnyororo saa mbili usiku huku vifaranga vinalia kwenye boksi, utaishia kufunga taa kwa kamba ya manila.

- Balbu ya infraredi ya wati 250 kwa vifaranga 50 hadi 100. Mimi napendelea mbili za wati 150 kuliko moja ya 250, kwa sababu moja ikiungua usiku nyingine inabaki kuwalinda. Nyekundu ni bora kuliko nyeupe: vifaranga vinadonoana kidogo na vinalala.
- Holda ya kauri, ile nyeupe nzito. Si ya plastiki.
- Kofia ya bati au ya aluminiamu yenye wavu wa chuma mbele yake. Kofia peke yake haitoshi.
- Minyororo miwili ya chuma na kulabu mbili za skrubu.
- Waya wenye nyaya tatu ndani, unaostahimili joto. Waya wa pasi, ule uliofunikwa kwa kitambaa, unafaa sana kwa kipande kinachoingia kwenye holda.
- Plagi yenye fyuzi ya ampea 3. Plagi nyingi zinauzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13, ibadilishe.
- Kipimajoto cha kawaida cha ukutani.
- Futi ya kupimia. Usikadirie kwa macho.
- Maranda makavu au maganda ya mpunga, na bati jembamba au matofali ya kuzungushia bruda.
- Ndoo ya mchanga mkavu. Ukiweza kupata mtungi wa kuzimia moto wa poda, bora zaidi.

Kuhusu balbu kuna onyo moja ambalo wauzaji wengi hawalijui. Zipo balbu zilizopakwa utando wa tefloni juu ya kioo ili zisipasuke vipandevipande. Zikipata moto utando huo hutoa hewa inayoua ndege, na vifaranga vinaweza kuisha vyote huku wewe huna hata mafua. Soma boksi. Ukiona limeandikwa PTFE au tefloni, irudishe dukani.

Hatua kwa hatua

1. Chagua mahali. Tafuta chumba chenye sakafu ya saruji na kuta za tofali, chenye dirisha juu na mlango unaoweza kuufikia usiku bila kuruka vitu. Stoo ya nje, jiko lisilotumika au banda lenyewe vinafaa. Kama paa ni la nyasi, usifunge taa ya infraredi hapo kabisa. Nenda kwenye njia ya maji ya moto nitakayoieleza mbele.

Kisha toa vitu. Magodoro, magunia, mabua, marobota ya tumbaku, nguo zilizotundikwa. Na pikipiki. Hapa kwetu pikipiki inalazwa stoo ili isiibiwe, na stoo ndiyo hiyohiyo inayogeuzwa bruda. Tenki la pikipiki hutoa mvuke wa petroli, na cheche ndogo ya swichi inatosha. Pikipiki ikae kwingine kwa wiki nne.

2. Kagua holda na waya ukiwa umekaa mezani, si juu ya ngazi. Nyumba nyingi zetu zina holda za pini mbili, balbu inaingizwa na kupindwa. Balbu za infraredi karibu zote ni za kuzungusha kwa skrubu. Kwa hiyo mtu ananunua adapta ndogo ya plastiki ya kubadili pini kuwa skrubu, anaichomeka kwenye holda ya plastiki, halafu chini yake anafunga wati 250 zinazowaka usiku na mchana. Nikiitwa kuangalia, nakuta adapta imegeuka rangi kutoka nyeupe kuwa ya chai, ina nyufa kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi, na ukiigusa kwa bisibisi inamomonyoka. Kilichokuwa kimeshikilia balbu hapo ni mazoea tu ya skrubu na kutu. Siku ikiachia, balbu inashuka yote kwenye maranda ikiwa inawaka.

Kwa hiyo: holda ya kauri ya skrubu, na hakuna adapta. Kwenye kufunga waya, wa kahawia, yaani wa moto, uende kwenye kidoti cha katikati cha holda. Wa bluu uende kwenye ukuta wa skrubu. Wa kijani na njano, yaani eathi, ufungwe kwenye kofia ya chuma. Ukigeuza huo wa kahawia na wa bluu taa itawaka vilevile, lakini atakayebadilisha balbu anaweza kushika umeme. Kama hujawahi kufunga waya, mlipe fundi. Ni kazi ya muda mfupi.

3. Tafuta soketi yake peke yake. Taa ya wati 250 kwenye volti 230 inavuta ampea 1 na kidogo, si mzigo mkubwa. Tatizo la soketi ni ulegevu. Plagi inayocheza inatoa cheche, soketi inapata moto, na kazi hiyo inaendelea saa 24 kwa majuma. Chomeka, washa, subiri nusu saa, kisha zima na uguse plagi. Ikiwa ya moto, badilisha soketi kabla ya kuendelea.

Ekstensheni iepuke. Kama ni lazima, iwe moja tu, ifunguliwe yote isibaki imeviringishwa, ipite ukutani juu ambako panya na miguu haifiki, na isichomekwe kitu kingine. Muungo wa ekstensheni usikae sakafuni, maana bruda ina maji.

4. Ning'iniza taa kwa minyororo miwili. Hii ndiyo hatua ya kutumia muda mrefu kuliko zote.

Kulabu ya kwanza iingie kwenye kenchi au boriti ya mbao ngumu, si kwenye silingi bodi na si kwenye msumari uliopigwa pembeni. Ivute kwa uzito wa mkono wako. Ikiyumba, tafuta mahali pengine. Mnyororo wa kwanza ushikilie kofia kwenye kulabu hiyo.

Kulabu ya pili iwe kwenye mbao nyingine, au angalau hatua moja kutoka ya kwanza. Mnyororo wa pili nao ushikilie kofia, ukiwa umelegea kidogo tu, kama vidole vitatu. Kazi yake ni kungoja. Siku kulabu ya kwanza ikichomoka, taa iyumbe na kubaki hewani, isishuke. Jaribu kabla hujachomeka umeme: shika taa kwa mkono mmoja, chomoa mnyororo wa kwanza, uachie pole pole. Ikigusa maranda, au ikikaribia ukuta, rudia upya. Wengi wanafunga mnyororo wa pili kwenye kulabu ileile ya kwanza, na hapo hawajafanya chochote.

Waya wa umeme usibebe uzito. Uupitishe juu, uufunge kwenye mnyororo kwa waya laini wa chuma, na uache ulegevu wa kutosha ili unapopandisha taa usivutike. Kamba ya katani inaungua, manila inayeyuka, na mpira wa baiskeli unakauka na kukatika. Chuma tu.

5. Tengeneza bruda chini ya taa. Zungusha duara kwa bati au matofali, kimo cha kama sentimita 45. Maboksi ya katoni ni rahisi na watu wengi wanayatumia, lakini ni kama kuni zilizosimama wima karibu na taa. Ukiwa huna kingine, duara liwe pana kiasi kwamba katoni iko mita moja au zaidi kutoka kwenye taa.

Maranda yawe makavu, unene wa vidole vinne hivi. Maseremala wa mjini wanayatoa kwa bei nafuu, ila chekecha vumbi la msumeno. Vifaranga wanalila badala ya chakula, na vumbi likirushwa linatua juu ya balbu.

Vyombo vya maji viwe pembeni ya mwanga, si chini ya taa. Balbu ikirushiwa tone la maji baridi ikiwa ya moto, kioo kinaweza kupasuka na vipande vya moto kushuka kwenye maranda. Ndiyo sababu ya wavu wa chuma na ndiyo sababu ya kutoweka ndoo hapo.

6. Pima kimo kwa futi. Kutoka uso wa balbu hadi juu ya maranda: anza na sentimita 60. Usishuke chini ya sentimita 45 kwa balbu ya wati 250, usiku wowote, kwa baridi yoyote. Vifaranga wakionekana bado wana baridi, punguza duara, ziba upepo wa chini ya mlango, au ongeza balbu ya pili. Kushusha taa ndiko watu wanakokimbilia kwanza, na kila sentimita unayoshusha unaongeza ukali kwenye maranda yaliyo katikati huku vifaranga wa pembeni hawapati nafuu.

Kwa upande wa ukuta, mlango wa mbao, pazia na kitu chochote kinachoungua, acha mita moja.

7. Iwashe saa 24 kabla ya vifaranga kufika. Sababu ya kwanza ni sakafu ipate joto. Sababu ya pili, iliyo kubwa kwangu, ni kwamba siku hiyo moja ndiyo mtihani wa kazi yako yote.

Baada ya saa mbili ingiza vidole kwenye maranda yaliyo katikati ya mwanga, hadi sakafuni. Yanatakiwa kuwa ya vuguvugu. Yakikufanya uvute mkono, pandisha taa. Angalia rangi: ukiona duara la maranda limeanza kuwa la kahawia kuliko mengine, zima mara moja, fukua, toa yaliyobadilika rangi, kisha pandisha. Gusa pia mbao ya kenchi juu ya kofia. Watu wanaangalia chini tu na kusahau kwamba joto linapanda.

Weka kipimajoto kwa kimo cha mgongo wa kifaranga, pembeni kidogo ya katikati ya mwanga. Ukikitundika ukutani kitakueleza habari za ukuta.

8. Ingiza vifaranga, kisha vitazame vyenyewe. Wiki ya kwanza joto liwe nyuzi 32 hadi 35. Kila wiki punguza kama nyuzi 3, mpaka ufikie 21 hivi manyoya yakishaota. Kipimajoto kinakusaidia, lakini kifaranga hadanganyi. Wakijikusanya chini ya taa na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni, mabawa yameachana na midomo wazi, wamezidiwa na joto. Wakirundikana upande mmoja wote, kuna upepo unaingia upande wa pili. Wakitawanyika, wengine wanakula na wengine wamelala wamejinyoosha, ondoka uwaache.

9. Pandisha taa kila wiki. Pandisha pingili mbili tatu za mnyororo kila wiki, ukipima kwa futi. Ukifika wiki ya tatu ni lazima hata kama kuna baridi, kwa sababu vifaranga wanaanza kuruka na wanaweza kuigonga kofia. Zima taa na uiache ipoe kabla ya kuigusa.

Majira nayo yanabadilisha kazi. Juni na Julai usiku wa Tabora unashuka hadi karibu nyuzi 15, taa itafanya kazi usiku kucha. Septemba na Oktoba mchana ni joto tupu. Kuanzia wiki ya pili taa ya saa nane mchana ni hatari isiyo na faida. Izime, na uangalie vifaranga.

10. Zunguka kila jioni kabla ya kulala. Gusa plagi. Tazama kulabu zote mbili. Futa vumbi kwenye kofia taa ikiwa imezimwa na imepoa. Kagua waya kama kuna alama za meno ya panya. Angalia uniti zilizobaki kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla.

Kuhusu LUKU: taa moja ya wati 250 ikiwaka saa 24 inakula uniti 6. Kwa siku 13 ni uniti 78. Kama nyumba yako iko kwenye daraja la matumizi madogo ya majumbani, lile la uniti 75 kwa mwezi, taa peke yake imeshakuvusha, na utaona uniti zinavyopanda bei. Piga hesabu hiyo kabla ya kuagiza vifaranga.

Umeme ukikatika

Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu ajali mbaya zinaandaliwa wakati taa imezimika.

Umeme unakatika saa nne usiku. Vifaranga wanaanza kulia. Unafanya kinachofaa: unachukua blanketi au gunia na kufunika bruda ili joto lisitoroke. Labda unaishusha taa uiweke pembeni ili upate nafasi ya kufunika. Kisha unalala. Saa tisa usiku umeme unarudi wenyewe, taa inawaka chini ya gunia, na hakuna aliye macho.

Kwa hiyo, umeme ukikatika, kitu cha kwanza kabla hujagusa blanketi ni kuzima swichi ya soketi na kuchomoa plagi. Plagi mkononi, ndipo ufunike. Umeme ukirudi, toa kifuniko, pima kimo, tazama kulabu, ndipo uchomeke. Mfundishe kila mtu wa nyumba hiyo, na dada wa kazi, na mtoto wa darasa la sita anayependa kuku. Tokeni zikiisha usiku ni hivyohivyo: chomoa kwanza, ndipo uingize namba.

Joto la dharura ni maji ya moto. Jaza madumu ya lita 5, funga vizuri, viringisha kwenye kitambaa kikavu, yaweke katikati ya bruda na upunguze duara. Vifaranga watajiegemeza. Badilisha maji yakipoa. Njia hii ndiyo ninayowashauri pia wenye nyumba za nyasi kwa siku zote za bruda.

Jiko la mkaa ni jambo ambalo najua litafanyika hata nikikataza, kwa hiyo sikiliza masharti yake. Likae juu ya matofali, mbali na maranda, limezungushiwa wavu, na dirisha liwe wazi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, na inaua vifaranga na watu. Usilale katika chumba chenye jiko linalowaka. Usilihamishie chumbani kwako eti liendelee kukupa joto baada ya vifaranga kutulia.

Wanaouliza kuhusu sola: taa ya wati 250 kwa usiku wa saa 12 inahitaji uniti 3. Sola ndogo ya taa na kuchajia simu haiwezi, na inveta ndogo ukiilazimisha itaungua yenyewe.

Makosa ninayoyakuta mara kwa mara

Wengine wanaleta hita ya chumbani, ile yenye mirija inayong'aa nyekundu, waliyoitumia Njombe au Mafinga. Wanaisimamisha ndani ya bruda. Hita hizo zinavuta wati 800 hadi 1500 au zaidi, zimetengenezwa zisimame sakafuni penye nafasi ya mita moja mbele, si juu ya maranda penye vifaranga wanaozisukuma. Usizitumie kwa kazi hii. Na ukiitumia sebuleni kwa ajili ya watu, sheria ni zilezile: mita moja kutoka kochi na pazia, ichomekwe soketi ya ukutani moja kwa moja, usianike nguo juu yake, izimwe mnapokwenda kulala.

Kuna wanaofunga taa kwa kibanio kwenye ukingo wa katoni. Kibanio kinaachia. Hata kama taa ilikuja na kibanio chake kutoka kiwandani, ongeza minyororo.

Kuna wanaoiwekea taa mashine ya kupunguza mwanga, au kufunga taa mbili kwenye holda moja yenye matawi. Acha vyote viwili.

Na watoto: joto la kofia linaunguza ngozi kwa mguso mmoja, na kuikodolea macho taa kwa karibu si kuzuri. Funga mlango kwa komeo la juu.

Taa ikisumbua

*Sakiti breka inaruka kila ukiwasha.* Usiilazimishe, na usiibadilishe kwa kubwa zaidi. Chomoa, kagua holda kama imeingia maji au waya umegugunwa. Ikiruka hata bila balbu, tatizo liko kwenye waya.

*Ukigusa kofia unasikia umeme kidogo.* Zima mara moja. Eathi haipo au imekatika, na waya wa moto unagusa chuma mahali fulani. Mwite fundi apime pia eathi rodi ya nyumba, maana nyumba nyingi zina soketi yenye tundu la eathi lisilounganishwa na kitu.

*Balbu zinaungua kila baada ya siku chache.* Kidoti cha katikati cha holda kimelegea, au taa inatikiswa na upepo au vifaranga. Zima, chomoa, inua kidoti kidogo kwa bisibisi. Ikiendelea, badilisha holda.

*Mwanga umefifia na joto limepungua ingawa balbu ni mpya.* Volti imeshuka, hutokea jioni watu wote wakipika na kuwasha. Usishushe taa ili kufidia, kwa sababu usiku wa manane volti ikirudi utakuwa umeikaribisha kwenye maranda. Punguza duara na uongeze dumu la maji ya moto.

*Kioo kimepasuka.* Chomoa kwanza. Subiri ipoe. Toa vifaranga wote, na toa maranda yote chini ya taa, si vipande unavyoviona tu.

*Unasikia harufu ya plastiki iliyoungua.* Ni holda, plagi au soketi. Chomoa na ufuate pua yako katika sehemu hizo tatu. Usirudishe umeme mpaka umeona iliyoungua.

*Unasikia harufu ya mbao iliyoungua lakini huoni kitu.* Chomoa taa, toa vifaranga nje, kisha fukua maranda hadi kwenye saruji. Maranda huungua kwa ndani, juu yakaonekana mazima. Yanayofuka yachote kwa koleo la bati uyapeleke nje, uyamwagie mchanga au maji huko nje, na uyaangalie tena baada ya saa moja.

*Moto umeshawaka.* Watu watoke kwanza. Kama ni mdogo na mlango uko mgongoni kwako, zima swichi kuu kisha mwaga mchanga au tumia mtungi wa poda. Usirushe maji kabla umeme haujakatwa. Moto ukiwa umefika kwenye kenchi, ondoka, funga mlango ili moto usipate hewa, piga 114 kwa Zimamoto na uwaambie mtaa na alama ya karibu wanayoweza kuiona usiku. Vifaranga waache.